Uecker au McCarver: wadakaji wawili wa timu moja, uanze na yupi?

Oktoba 1964 St. Louis Cardinals walikutana na New York Yankees katika World Series, fainali ya besiboli ya Marekani, na mambo yakaenda hadi mechi ya 7, ya mwisho kabisa. Cardinals walikuwa na wadakaji wawili. Tim McCarver, kijana wa miaka 22, alidaka mechi zote 7. Bob Uecker, mwenye miaka 30, hakuingizwa hata kwa mpira mmoja. Kinachokumbukwa kwake katika fainali ile ni kwamba kabla ya mechi, wenzake wakipasha misuli, alilikuta tuba la bendi limeachwa pembeni ya uwanja, akalibeba na kuanza kuidaka mipira ya juu kwa mdomo wa lile parapanda.

Baadaye wote wawili waliishi kwa kipaza sauti kwa miongo, na wote wakapewa Tuzo ya Ford C. Frick, ambayo kwa mtangazaji wa besiboli hakuna ya kuizidi: Uecker mwaka 2003, McCarver mwaka 2012. Kwa anayetaka kuujua mchezo huu kwa kuusikiliza, hawa ndio ninaowapendekeza. Lakini hawafanani hata kidogo, na ukianza na asiyekufaa unaweza kudhani besiboli yenyewe ndiyo inayochosha. Ndiyo maana nawapanga bega kwa bega.

Mdakaji ni nani hasa

Ni yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kinyago cha chuma usoni, ngao kifuani, glovu nene mkononi. Tanzania tumezoea kumwita golikipa mdaka mlango, kwa hiyo neno si geni. Tofauti ni kwamba kipa anaweza kukaa nusu saa bila kuguswa, wakati mdakaji anashughulika na karibu kila mpira unaorushwa. Wenzake wote uwanjani wanatazama upande wake, na yeye peke yake ndiye anayewatazama wote. Kwa vidole alivyovificha katikati ya mapaja humwambia mrushaji atupe mpira wa namna gani. Humsikia mpigaji akijisemea. Hubishana na mwamuzi bila kugeuza shingo, maana ukimgeukia mwamuzi uwanja mzima utajua mnagombana. Ukifanya kazi hiyo kwa miaka 10, huwezi tena kuutazama mchezo kama shabiki.

Huku kwetu wengi tuliiona kazi hii kwanza kupitia video za Dennis Kasumba, kijana wa Uganda aliyekuwa akijifua kwa matairi na vifaa vya kuokoteza, hadi mwaka 2023 akapata nafasi Marekani katika timu ya Frederick Keys. Ukimtazama Kasumba akichuchumaa huku kabeba tairi utaelewa kwa nini magoti ya wadakaji huzeeka kabla ya wenyewe.

Uwanjani: hapa hakuna mashindano

| | Bob Uecker | Tim McCarver |
|---|---|---|
| Alizaliwa | Milwaukee, 1934 | Memphis, 1941 |
| Alicheza ligi kuu | 1962–1967 | 1959–1980 |
| Mechi | 297 | 1,909 |
| Wastani wa kupiga | .200 | .271 |
| Homurani | 14 | 97 |
| Ubingwa | 1964, akiwa benchi | 1964 na 1967 |
| Kiti chake kikuu | Redio ya Milwaukee Brewers, 1971–2024 | Runinga ya Mets, 1983–1998, na Fox, 1996–2013 |
| Alifariki | Januari 2025 | Februari 2023 |

Wastani wa .200 maana yake ni kwamba kila mara 10 alizosimama kupiga, kwa hesabu zao, alifaulu mara 2. Homurani ni ule mpira unaopigwa ukavuka uzio wa uwanja, nazo 14 kwa miaka sita ni chache. Kwa jedwali hili peke yake, mjadala umekwisha.

McCarver aliingia ligi kuu akiwa na miaka 17. Katika fainali ile ya 1964 alipiga kwa wastani wa .478, na mechi ya 5, katika uwanja wa Yankees wenyewe, iningi ya 10 (iningi ni awamu ya mchezo, kwa kawaida huwa 9), alipiga homurani iliyoleta pointi 3, na mechi ikaisha 5–2. Cardinals walitwaa ubingwa tarehe 15 Oktoba. Kesho yake akatimiza miaka 23. Mwaka 1966 alifanya jambo ambalo mdakaji hategemewi kulifanya: aliongoza ligi yake kwa mapigo ya vituo vitatu (vituo ni alama nne ambazo mpigaji huzizunguka mbio ili apate pointi), 13 kwa jumla, mdakaji wa kwanza kufanya hivyo. Pigo la vituo vitatu linataka mbio, na wadakaji kwa kawaida hukimbia kama waliobeba gunia. Mwaka uliofuata alishika nafasi ya pili katika kura za mchezaji bora wa ligi, nyuma ya Orlando Cepeda wa timu hiyohiyo.

Lakini kwa msomaji anayetafuta mtu wa kumsikiliza, cha maana kuliko homurani ni watu aliowadakia. Wa kwanza ni Bob Gibson, mrushaji mkali kupita kiasi ambaye hakupenda mdakaji amsogelee kumshauri katikati ya mechi. McCarver mwenyewe alisimulia miaka mingi jinsi Gibson alivyomfukuza, akimwambia kwamba analolijua kuhusu kurusha ni moja tu, kwamba hawezi kuipiga mipira inayorushwa. Wa pili ni Steve Carlton, ambaye pale Philadelphia alifikia hatua ya kudakiwa na McCarver karibu kila zamu yake. Urafiki wao ulizaa utani wa McCarver kwamba wakifa watazikwa futi 60 na inchi 6 mbali, ambao ndio umbali kamili kati ya mrushaji na bamba la nyumbani, pale anaposimama mpigaji, kama mita 18.4. Mtu aliyewaelewa Gibson na Carlton, watu wawili wasiopenda kueleweka, alikuwa tayari amefuzu uchambuzi kabla hajashika kipaza sauti.

Na asidhaniwe kuwa hakuwahi kuchekesha. Tarehe 4 Julai 1976, Marekani ikisherehekea miaka 200 ya uhuru, aliupeleka mpira nje ya uzio vituo vyote vikiwa na wakimbiaji. Hiyo ni pointi 4, ndoto ya kila mpigaji. Akakimbia kichwa chini kwa furaha, akampita mwenzake Garry Maddox aliyekuwa amesimama kuangalia kama mpira utadakwa. Kanuni haziruhusu kumpita mwenzako. Akatolewa, homurani ikaandikwa kama pigo la kituo kimoja, pointi 3 zikabaki. Ninapomsikia akimlaumu mchezaji kwa uzembe wa kukimbia vituo, huwa namkumbuka Maddox na kutabasamu.

Uecker je? Alikuwa na mkono mzuri na alijua kudaka, basi. Mwaka 1965 alipiga homurani dhidi ya Sandy Koufax, mrushaji aliyeogopwa kuliko wote enzi zile, na maisha yake yote alidai anamwonea huruma Koufax, akihofia pigo lile lingemzuia kuingia Jumba la Mashujaa wa besiboli kule Cooperstown. Mwaka 1967 akiwa Atlanta alimdakia Phil Niekro, mrushaji wa ule mpira usiozunguka, unaoyumba hewani kama kipepeo mlevi. Uecker aliongoza ligi mwaka ule kwa mipira iliyomponyoka. Ushauri wake kwa wadakaji wadogo: njia bora ya kuudaka mpira wa Niekro ni kusubiri usimame wenyewe chini, kisha uuokote.

Watu hucheka wakaishia hapo. Nusu ya pili ya kisa ni kwamba mwaka huohuo Niekro alikuwa na wastani bora wa pointi za kufungwa katika ligi yake, 1.87, na alimshukuru Uecker kwa kumhimiza aurushe mpira ule wakati wowote bila kuogopa. Yaani mdakaji alikubali kuaibika yeye ili mrushaji wake afaulu. Naona hapo tayari kuna mtangazaji wa redio.

Mbele ya kipaza sauti

Hapa ndipo wengi wanapokosea wanapowalinganisha. Hawakuwa na kazi moja. McCarver alikuwa mchambuzi wa runinga. Pembeni yake alikaa mtangazaji mkuu, kwa miaka 18 pale Fox akiwa Joe Buck, ambaye alitaja kilichotokea, naye McCarver akaeleza kwa nini. Uecker alikuwa mtangazaji wa redio. Hakukuwa na picha ya kumsaidia. Aliyemsikiliza akiendesha trekta Wisconsin au akichoma nyama uani aliuona uwanja kwa maneno yake tu, kama sisi tulivyouona mpira wa miguu kupitia redio ya betri kabla ya vibanda umiza.

Njia ya Uecker kufika kwenye redio ilipitia mlango wa nyuma. Bud Selig, aliyekuwa mmiliki wa Brewers, alimwajiri kwanza kutafuta vipaji, na alipenda kusimulia kwamba ripoti ya Uecker ilimfikia imepakaa mchuzi na viazi. Mwaka 1971 akahamishiwa kwenye redio, akakaa misimu 54. Katikati ya hiyo misimu alikuwa nyota wa nchi nzima: alialikwa mara nyingi mno kwenye kipindi cha usiku cha Johnny Carson, na ni Carson aliyembandika jina la Mr. Baseball, utani ulioganda ukawa heshima. Aliigiza tamthilia ya vichekesho ya runinga, akaigiza mtangazaji mlevi katika filamu ya vichekesho vya besiboli mwaka 1989, akafanya tangazo la bia ambamo anajigamba ana kiti cha mbele kabisa, kumbe anaishia safu ya juu kabisa peke yake. Mwaka 2014 Brewers walimjengea sanamu hukohuko, safu ya mwisho ya uwanja. Nyingine ya heshima iko nje, lakini ile ya juu ndiyo inayopigwa picha.

Pamoja na yote hayo hakuondoka Milwaukee. Alizaliwa pale na akafia huko jimboni. Brewers hawajawahi kutwaa World Series. Waliifikia mara moja tu, 1982, wakafungwa na Cardinals katika mechi ya 7. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya Uecker ilikuwa kutangaza timu isiyobeba kombe, siku baada ya siku, mechi 162 kwa msimu. Utamjua vizuri zaidi katika mechi iliyokwisha kuoza, timu yake ikiwa nyuma kwa pointi nyingi katika iningi ya 7. Hapo mchambuzi mzuri hana la kuchambua. Uecker ndipo anapoanza: kisa cha hoteli ya zamani, kisa cha baba yake (eti alipoambiwa mwanawe atasaini timu ya Braves kwa dola 3,000, mzee alilalamika kwamba hana fedha za kuwalipa), na katikati ya kisa, bila kubadili sauti, anakwambia mrushaji ametupa mpira, mpigaji kaukosa, na kisa kinaendelea. Hakupotezi. Hiyo ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, na sijamsikia mwingine anayeifanya kwa wepesi ule.

McCarver alikwenda upande wa pili kabisa. Alitangaza World Series 24 kwenye runinga, kuanzia ABC mwaka 1985, kisha CBS, kisha Fox hadi 2013. Yeye aliutazama mpira ujao. Mfano uliomfanya awe McCarver ni wa tarehe 4 Novemba 2001, Arizona, mechi ya 7 kati ya Diamondbacks na Yankees. Iningi ya 9, matokeo 2–2, vituo vyote vimejaa. Mrushaji ni Mariano Rivera wa Yankees, mpigaji ni Luis Gonzalez, wa mkono wa kushoto. Yankees wamewasogeza walinzi wao wa ndani, wale wanaosimama karibu na vituo, mbele ili wakiupata mpira waurushe nyumbani kwa mdakaji kuzuia pointi. McCarver akaeleza kwamba mpira wa Rivera humwingia mpigaji wa kushoto mikononi na kuvunja gongo, na gongo likivunjika mpira huangukia nyuma kidogo tu ya walinzi wa ndani. Hiyo ndiyo hatari ya kuwasogeza mbele Rivera akiwa anarusha. Mpira uliofuata, Gonzalez akaupiga kwa gongo lililopasuka, ukaelea juu ya kichwa cha Derek Jeter, mmoja wa walinzi hao, ukaanguka palepale. Ubingwa ukaenda Arizona.

Huyo hakubahatisha. Ni mdakaji aliyekuwa akiuona uwanja bado kutoka pale alipochuchumaa, miaka 21 baada ya kuvua kinyago.

Kasoro zao, maana kila mmoja anazo

McCarver anaongea sana. Mpenzi wake mkubwa atakubali hilo. Ana tabia ya kueleza jambo, kulieleza tena kwa picha ya marudio, halafu kulieleza mara ya tatu mpira mwingine ukiwa tayari hewani. Kwa mgeni wa mchezo hiyo ni zawadi. Kwa mjuzi ni kero, na Marekani wapo waliokuwa wakizima sauti yake. Hakuwa pia mtu wa kupaka mafuta. Mwaka 1992 alimlaumu hadharani Deion Sanders kwa kuchanganya besiboli na futiboli ya Kimarekani siku moja wakati wa michuano ya mtoano. Timu yake, Braves, iliposhinda, Sanders alimmwagia maji ndoo kwa ndoo chumba cha kubadilishia nguo, McCarver akiwa kazini na suti yake. Mets nao, timu iliyomlipa mshahara na ambayo hakuacha kuikosoa, waliachana naye baada ya msimu wa 1998. Mimi hilo namwekea alama ya juu. Mchambuzi anayelipwa na klabu na bado anaikosoa klabu ni kiumbe adimu, na si Marekani tu.

Kasoro ya Uecker ni kwamba hafundishi. Ukimsikiliza hujui kanuni, utacheka, utafurahia sauti, na mechi ikiisha hutajua kwa nini mrushaji alibadilishwa. Pia utani wake umejificha ndani ya Kiingereza cha mtaani cha Milwaukee, unasemwa kwa sauti kavu, bila onyo. Kama Kiingereza chako ni cha shuleni, nusu ya vichekesho itakupita. Kiingereza cha McCarver kina lafudhi ya Kusini, Memphis, lakini anapangilia maneno kama mwalimu ubaoni na unaweza kumfuata.

Kuna na suala la bando. Rekodi za Uecker ni sauti tupu. Unaweza kuzisikiliza ukiwa kwenye daladala bila kulia. McCarver bila picha hana maana, kwa sababu anaelekeza kidole kwenye kitu unachopaswa kukiona.

Wa tatu, kwa ufupi

Atakayesema nimemsahau Joe Garagiola ana haki. Ndiye aliyewafungulia njia wote wawili: mdakaji wa Cardinals tangu 1946, bingwa wa mwaka huohuo, kisha mchezaji wa kawaida hadi 1954, ikiwemo ile Pittsburgh ya 1952 iliyofungwa mechi 112. Alianza redio ya Cardinals 1955, akaenda NBC, akawa sura ya runinga ya asubuhi kiasi kwamba wengi hawakujua kama aliwahi kucheza. Alikulia St. Louis mtaa mmoja na Yogi Berra, nyumba zikitazamana. Cardinals walimchukua yeye wakamwacha Berra, aliyekwenda kutwaa ubingwa mara 10 akiwa na Yankees. Garagiola aliigeuza hesabu hiyo kuwa utani wa maisha yake, na Uecker alijifunza hapo kwamba mchezaji wa kawaida ana hadithi nyingi kuliko nyota. Ila rekodi zake bora ziko nyuma sana, na kwa mtu anayeanza leo simweki mbele ya hao wawili.

Kwa hiyo

Kama hujui besiboli kabisa, anza na McCarver, na uanze na mechi ile ya 7 ya 2001. Usitazame vipande vya dakika tatu. Tazama angalau iningi tatu za mwisho, na kila anapoeleza jambo, simamisha, uangalie walinzi wamesimama wapi. Baada ya mechi nne au tano za namna hiyo utakuwa unajibizana naye.

Kama kanuni unazijua, au unatafuta tu sauti ya kukaa nayo usiku ukipiga pasi au ukisubiri kuche, nenda kwa Uecker moja kwa moja. Mechi ya saa moja jioni Milwaukee ni saa tisa usiku Nairobi na Dar es Salaam, na nadhani sauti yake iliumbwa kwa saa hiyo. Mimi binafsi, nikilazimishwa kubaki na mmoja, namchukua Uecker, ingawa nilichojua kuhusu besiboli nilikipata zaidi kwa McCarver. Hata kuwacheka mabingwa nilijifunza kwa yule wa benchi.

Na kama una usiku mmoja tu, tafuta iningi mbili za 9 uzilinganishe mwenyewe. Ya kwanza ni ile ya Arizona. Ya pili ni ya tarehe 3 Oktoba 2024, Milwaukee: Brewers wanaongoza 2–0 dhidi ya Mets, wamebakiza kuwatoa watu wawili tu wasonge mbele, na Pete Alonso anapiga homurani ya pointi 3. Mets wakashinda 4–2. Redioni alikuwepo Uecker, miaka 90, anaugua saratani ya mapafu ambayo wasikilizaji hawakuwa wameambiwa. Hakuchambua kitu. Alisema tu kwamba hii imechoma, na haikuwepo mechi nyingine aliyoitangaza baada ya hapo.